Mtoto akiigiza, mzazi asikilize: Safari ya klabu za TUSEME shuleni

Mwaka 1996, wahadhiri wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliingia katika shule chache za sekondari wakiwa na swali moja: kwa nini wasichana wengi wanakaa kimya darasani, na kwa nini baadhi yao hawafiki kidato cha nne? Swali hilo hawakuwauliza walimu wala wazazi. Waliwauliza wasichana wenyewe, na majibu yao waliyatafuta kwa ngoma, nyimbo na maigizo.

Kazi hiyo waliipa jina la TUSEME. Ilianza kama mradi wa chuo, ikachukuliwa na shirika lisilo la faida lenye makao yake Nairobi, na leo inajulikana katika shule za nchi nyingi za Afrika. Mkoani Kigoma, wilaya ya Kasulu ilikuwa miongoni mwa maeneo ya mradi wa UNESCO wa elimu ya wasichana uliofadhiliwa na Korea Kusini, pamoja na Ngorongoro, Sengerema na Mkoani kisiwani Pemba. Klabu za TUSEME zilikuwa sehemu ya mradi huo.

Kwa mzazi wa Ilagala, kule wilayani Uvinza ambako Mto Malagarasi unakaribia kumwaga maji yake Ziwa Tanganyika, hadithi ya TUSEME haiko mbali. Mambo yanayomtoa mtoto shuleni huanza kidogo kidogo, nyumbani, njiani na darasani. Mara nyingi mtoto huyajua mapema kuliko mtu mzima yeyote. Kinachokosekana ni mahali pa kuyasema bila kuonekana hana adabu.

Kabla ya TUSEME, mtoto alikariri

Sanaa si jambo geni katika shule za Tanzania. Mzazi yeyote aliyesoma hapa nchini anakumbuka kwaya, ngoma na ngonjera za kumpokea mgeni rasmi. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, washairi waliombwa kusaidia kulieleza kwa wananchi, na ngonjera alizozieneza Mathias Mnyampala zikaingia mashuleni. Watoto walisimama mistari miwili, mmoja akiuliza na mwenzake akijibu.

Ilikuwa sanaa nzuri na ilifundisha lugha. Hata hivyo maneno yalikuwa ya watu wazima. Mtoto aliyakariri, akayatamka kwa sauti kubwa, akapigiwa makofi na kurudi kukaa. Kama alikuwa na njaa, au kulikuwa na mtu anayemsumbua njiani, ngonjera haikuwa na beti la jambo hilo.

Pale Mlimani, wanawake wawili walikuwa wakiitazama sanaa kwa jicho tofauti. Mmoja ni Penina Muhando, ambaye wengi wanamfahamu pia kwa jina la Penina Mlama, mwandishi wa tamthilia za *Hatia* na *Nguzo Mama*. Mwingine ni Amandina Lihamba, mwigizaji, mwandishi na mwalimu wa sanaa za maonyesho. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wao na wenzao walifanya kazi katika kijiji cha Malya, mkoani Mwanza. Wanakijiji walitaja wenyewe matatizo yao, wakayaweka katika ngoma na maigizo waliyoyajua tangu zamani, kisha wakakaa kujadili nini kifanyike.

Malya iliwapa somo ambalo baadaye liliingia shuleni. Onyesho halikuishia kwenye makofi. Baada ya ngoma kunyamaza, mjadala ulianza, na mjadala huo ndio uliokuwa kazi yenyewe.

Jinsi klabu inavyofanya kazi

Utaratibu wa TUSEME ni rahisi kuueleza, ingawa kuufuata kunataka uvumilivu.

Kwanza, wanafunzi wanakaa pamoja na kutaja yale yanayowazuia kusoma vizuri, ya darasani na ya nje ya darasa. Pili, wanachimba chanzo: kwa nini jambo hili linatokea, nani anaumia, nani ana uwezo wa kulibadilisha? Tatu, wanatengeneza onyesho kwa sanaa wanazozimudu, iwe igizo fupi, wimbo, ngoma, shairi au vichekesho. Nne, wanaonyesha mbele ya shule nzima, walimu na wazazi wakiwepo. Tano, kila aliyetazama anakaribishwa kuchangia. Mwisho wanapanga hatua za kuchukua, na klabu inafuatilia kama zimechukuliwa.

Katika shule nyingi, yaliyojitokeza hayakuwa mageni. Wasichana walizungumzia kazi za nyumbani zinazomaliza muda wa kujisomea, kubughudhiwa njiani, ukosefu wa vyoo vyenye staha na taulo za hedhi, mimba na ndoa za mapema. Walizungumzia pia lugha ya kukatisha tamaa, pale msichana anapoambiwa hesabu si za watu kama yeye.

Wavulana hawakuachwa nje. Ingawa mradi ulianza kwa ajili ya wasichana, ilionekana mapema kwamba mvulana anayecheza nafasi ya dada aliyebebeshwa kazi zote huondoka na funzo ambalo asingelipata kwa kuhubiriwa. Baadaye, kwa msaada wa UNICEF, klabu ziliingia pia katika shule za msingi.

Shirika lililoisambaza

TUSEME ingeweza kubaki mradi wa chuo na kufa fedha zilipoisha, kama ilivyo kwa miradi mingi. Iliyoibeba mbali ni FAWE, jumuiya ya wanawake wa Afrika wanaotetea elimu ya wasichana.

FAWE ilianzishwa mwaka 1992 na wanawake watano waliokuwa mawaziri katika sekta ya elimu barani Afrika, akiwemo Fay Chung wa Zimbabwe na Vida Yeboah wa Ghana. Makao yake ni Nairobi, na ina matawi katika nchi nyingi, Tanzania ikiwemo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Penina Mlama mwenyewe aliongoza shirika hilo akiwa mkurugenzi mtendaji, na TUSEME ikawa moja ya njia zake kuu za kufanya kazi na shule.

FAWE ilikuwa na mpango wa kuchagua shule chache za mfano, kuziimarisha, kisha shule nyingine zijifunze kutoka kwao. Nchini Tanzania, Shule ya Sekondari Mgugu mkoani Morogoro ni mojawapo. Katika shule za aina hiyo, klabu ya maigizo haikusimama peke yake. Ilikwenda pamoja na mafunzo kwa walimu kuhusu usawa darasani, huduma za ushauri na mazingira salama ya kuishi na kusoma.

Jina la Kiswahili halikubadilishwa. Kuna wanafunzi wa Afrika Magharibi wanaosoma kwa Kifaransa, lakini klabu yao inaitwa Tuseme. Kwa neno lililozaliwa katika shule za Tanzania, huo ni mwendo mrefu.

Kwa nini igizo, si kikao?

Mzazi anaweza kuuliza: kama mtoto ana tatizo, kwa nini asiende kwa mwalimu akalisema? Ngoma na maigizo ya nini?

Jibu liko katika malezi yetu. Mtoto wa Kiafrika anafundishwa kumheshimu mkubwa, na heshima hiyo ni hazina. Lakini mtoto huyo huyo anaposhikwa na jambo linalomhusu mkubwa, ulimi hufungwa. Atamwambiaje baba kwamba kutumwa kila siku kunamchelewesha shule? Atamwambiaje mama kwamba mjomba aliyekuja kukaa nyumbani anamtazama vibaya?

Igizo linampa kivuli cha kusimama. Anayesema si yeye, ni mhusika. Anayeonyeshwa kuwa mkali si baba yake, ni mzee fulani wa kwenye hadithi, amevaa koti kubwa na kushika bakora. Watu wanacheka. Katikati ya kicheko hicho, kuna mzazi anayejiona bila kutajwa jina. Anapata nafasi ya kubadilika bila kuaibishwa, na mtoto anapata nafasi ya kusema bila kukosa adabu.

Faida nyingine huonekana polepole. Mtoto aliyezoea kusimama mbele ya watu mia mbili haogopi tena kunyoosha mkono darasani. Anayetunga igizo anajifunza kupanga mawazo, kutafuta chanzo cha jambo na kusikiliza wenzake. Hizo ni stadi zile zile anazozihitaji kwenye insha na kwenye mtihani. Kwa hiyo saa moja ya klabu kwa wiki haimwibii mtoto masomo.

Serikali nayo imeipa sanaa nafasi kwenye ratiba. Mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023 una somo la Sanaa na Michezo katika shule za msingi. Pia kuna mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari, ambako sanaa hushindaniwa pamoja na michezo. Mlango uko wazi. Swali ni nini kitapitishwa mlangoni: nyimbo za kukariri peke yake, au pia sauti ya mtoto mwenyewe.

Mwambao una vipaji na una mitihani yake

Kigoma haijawahi kupungukiwa na wasanii. Mwaka 2012, wanamuziki wenye asili ya mkoa huo walikusanyika chini ya jina la Kigoma All Stars na kutoa wimbo wa *Leka Dutigite*, maneno ya Kiha yenye maana ya kuacha watu wajidai. Walikuwemo Diamond Platnumz, Mwasiti, Linex na Peter Msechu. Watoto wa mwambao wanawajua wasanii hao kwa majina, na wengi wana ndoto ya kuwafuata.

Klabu ya shule haimwahidi mtoto kuwa nyota. Inatumia kipaji alichonacho sasa kumsaidia abaki shuleni. Na katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, kubaki shuleni kuna mitihani yake.

Chukua dagaa. Huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mweupe, mitumbwi hupumzika. Kijana anayekesha ziwani, au anayeamka usiku kupokea dagaa mwaloni na kuwaanika alfajiri, hawezi kuwa macho kwenye kipindi cha kwanza. Na akishaonja fedha yake mwenyewe, daftari huanza kuonekana mzigo. Hapo anayetoka shuleni mara nyingi ni mvulana, na huondoka bila mtu kupiga kelele, kwa kuwa analeta mboga nyumbani.

Chukua pia chikichi. Kukamua mawese ni kazi ya familia nzima: kuna kubeba, kuchemsha, kutwanga, kuchota maji na kukusanya kuni. Msichana aliyemaliza kazi hizo usiku anafungua kitabu huku macho yanafumba. Hakuna aliyemkatalia kusoma, ila muda wa kusoma umeliwa.

Sasa fikiria mambo hayo mawili yakiwekwa jukwaani na watoto wenyewe, mbele ya wenye mitumbwi, wakamuaji wa mawese na mwenyekiti wa kijiji. Igizo kama hilo linahitaji ngoma moja, vitenge viwili, kasia na kivuli cha mwembe. Mjadala utakaofuata unaweza kuzaa makubaliano ambayo hayahitaji mfadhili: kwamba mwanafunzi haingii mtumboni siku za shule, au kwamba saa fulani ya jioni kila nyumba inamwachia mtoto asome.

Panapokwama

Si kila klabu inafanikiwa, na ni vizuri mzazi ajue udhaifu uko wapi.

Wa kwanza ni mwalimu mlezi. Klabu nyingi hutegemea mtu mmoja mwenye moyo. Akihamishwa, ngoma inawekwa stoo. Shule yenye walimu wawili au zaidi waliofundishwa, na wanafunzi wa madarasa ya chini wanaorithishwa kazi na wakubwa, ina nafasi nzuri ya kuendelea.

Wa pili ni usalama wa mtoto. Igizo linaweza kugusa jambo zito, la ubakaji au kipigo, na mhusika akawa mtu anayefahamika kijijini. Ndiyo maana majina halisi hayatumiki jukwaani, na jambo linalohusu mtoto mmoja mahususi halipelekwi kwenye onyesho kabisa. Hilo ni la mwalimu wa ushauri, ustawi wa jamii, au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Mtoto au mzazi anaweza pia kupiga namba 116, huduma ya simu kwa mtoto, ambayo ni bure.

Wa tatu ndio mbaya zaidi, nao ni watu wazima wasiojibu. Watoto wakionyesha mara ya kwanza kwamba choo cha wasichana hakina mlango, wanakijiji wakacheka na kutawanyika, watoto watarudia mara ya pili kwa unyonge. Mara ya tatu hawatasema. Watakuwa wamejifunza kwamba kusema hakubadilishi kitu, na funzo hilo wataingia nalo utu uzimani.

Hapa ndipo historia ya TUSEME inamgeukia mzazi. Wahadhiri walitoa njia, FAWE ikaisambaza, walimu wanailea. Lakini hatua ya tano na ya sita, ile ya mjadala na ile ya vitendo, haziko mikononi mwa mtoto.

Sheria nayo inamsikiliza mtoto

Wazazi wengine huona kwamba kumpa mtoto nafasi ya kusema ni mambo ya kuiga. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema vingine. Inampa mtoto mwenye uwezo wa kuwa na mawazo yake haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayohusu ustawi wake.

Yako mambo mengine ambayo yamebadilika tangu TUSEME ianze. Tangu mwaka 2016, elimu hadi kidato cha nne katika shule za umma haina ada. Mwaka huo huo sheria ya elimu ilirekebishwa, na anayempa mwanafunzi mimba au kumuoa anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Novemba 2021, Serikali ilitangaza kwamba wanafunzi waliokatisha masomo, wakiwemo waliopata mimba, wanaweza kurudi katika mfumo rasmi.

Hata hivyo, msichana aliyejifungua harudi darasani kwa sababu tangazo limetoka. Anarudi kama mama yake amekubali kubaki na mjukuu, kama wenzake hawatamcheka, na kama mwalimu atamwita kwa jina lake na si kwa kosa lake. Mambo hayo matatu yanaweza kuigizwa, yakajadiliwa na kuamuliwa kijijini, kabla msichana mwenyewe hajapiga hatua ya kwanza kurudi.

Mzazi afanye nini?

Uliza shuleni kama kuna klabu ya TUSEME, ya maigizo au ya aina yoyote inayowapa watoto nafasi ya kutunga yao wenyewe. Kama haipo, lilete jambo hilo kwenye mkutano wa wazazi na kamati ya shule. Halihitaji jengo wala bajeti kubwa.

Ukialikwa kwenye onyesho, nenda. Baba na mama wote waende ikiwezekana, maana mara nyingi mikutano ya shule huachiwa akina mama. Kaa mpaka mwisho, kwa sababu mjadala huja baada ya ngoma, wakati wengi wameshaanza kuondoka.

Usimwadhibu mtoto kwa alichokiigiza. Ukijiona kwenye igizo, meza mate. Nyumbani mwulize kwa upole: jambo lile linatokea kwetu? Kisha nyamaza, umwache ajibu kwa muda wake.

Changia ulichonacho. Bibi anayejua nyimbo za zamani za Kiha, fundi ngoma, mvuvi anayejua hadithi za ziwani, wote ni walimu wa klabu. Watoto wakitumia sanaa ya kwao, wazee nao watasogea kusikiliza.

Na kila onyesho liishe na jambo moja lililokubaliwa, dogo na linalowezekana: mlango wa choo, kikundi cha watoto kutembea pamoja kwenda shule, saa ya kusoma jioni. Liandikwe, apewe mtu wa kulisimamia, na tarehe ya kuangalia kama limefanyika. Tarehe hiyo ikifika, watoto ndio waulizwe kwanza.